Kwaya Mombasa: Zinavyoundwa, zinavyoendeshwa na zinavyojiandaa kwa tamasha

KWAYA ni kundi la waimbaji wanaotoa sauti tofauti katika wimbo mmoja chini ya uongozi wa mwalimu. Katika kisiwa cha Mombasa makundi ya aina hii hupatikana makanisani, shuleni, vyuoni, katika sehemu za kazi na mitaani. Mengi hayana hata mtu mmoja anayelipwa mshahara. Huishi kwa muda na mchango wa wanachama wenyewe.

Kwa sababu hiyo, kwaya ya jamii inapovunjika, mara nyingi si kwa kukosa sauti nzuri. Huvunjika kwa kuwa mazoezi hayana saa maalumu, fedha hazina hesabu, au mwalimu ameondoka na nyimbo zote kichwani mwake. Makala haya yanaeleza asili ya kwaya katika mji huu na utaratibu unaozisaidia kudumu hadi siku ya kupanda jukwaani.

Asili yake

Uimbaji wa pamoja ulikuwapo pwani kabla ya neno kwaya kuingia katika Kiswahili. Ngoma za Wamijikenda, kasida za maulidi na nyimbo za kazi za mabaharia zote hujengwa juu ya mwimbishaji anayeanza na wenzake wanaoitikia. Kilicholetwa na wamishonari ni mtindo wa kugawa wimbo katika sauti nne.

Mnamo 1875 shirika la Kianglikana la CMS lilianzisha makao ya watumwa walioachiliwa huru huko Frere Town, ng'ambo ya mkono wa bahari unaotazamana na Mji wa Kale. Kisiwani kwenyewe, kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa Memorial lilifunguliwa 1905. Shule na makanisa ya namna hii ndiyo yaliyoeneza nota za do, re, mi ambazo walimu wengi wa kwaya wangali wanazitumia hadi leo, kwa kuwa huandikwa kwa herufi za kawaida na hazihitaji karatasi yenye mistari mitano.

Ujenzi wa reli ulioanza Mombasa 1896, na baadaye bandari ya Kilindini, ulivuta wafanyakazi kutoka bara. Ndiyo maana kwaya moja ya kisiwani huweza kuwa na Mgiriama, Mtaita, Mkamba, Mjaluo na Mpokomo wakiimba bega kwa bega, na Kiswahili kikawaunganisha.

Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu mnamo 1963 lugha za wenyeji zitumike zaidi katika ibada. Kilatini kikapungua, na watunzi wa Afrika Mashariki wakaanza kutunga kwa Kiswahili na kuingiza ngoma na kayamba. Njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Missa Luba ya Kongo, misa yenye mahadhi ya Kiafrika iliyorekodiwa mwaka wa 1958. Baadaye Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya na kuisikizisha ulimwengu.

Pwani pia ina sehemu yake katika wimbo unaoimbwa na kila kwaya nchini. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa 1963 na jopo la wanamuziki watano akiwemo Thomas Kalume, mwana wa pwani, una lahani iliyotokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa kandokando ya Mto Tana.

Uanachama na uongozi

Kwaya ya sauti nne huhitaji soprano na alto kwa upande wa wanawake, tenori na besi kwa upande wa wanaume. Idadi ya watu 24 hadi 40 hutosha kwa kundi la mtaa: chini ya hapo mtu mmoja akikosa pengo husikika, na juu ya hapo usafiri na sare huwa mzigo. Upungufu wa kawaida ni wa tenori. Mwalimu mwenye busara hupima sauti ya kila mgeni kabla ya kumpangia nafasi, badala ya kumwacha akae alipo rafiki yake.

Uongozi hugawanywa mara mbili. Mwalimu na msaidizi wake husimamia muziki. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina husimamia watu na mali. Migogoro mingi huanzia pale mtu mmoja anaposhika kofia zote. Ni vyema kila sauti iwe na kiongozi wake, awezaye kuendesha mazoezi ya kundi lake hata mwalimu asipokuwapo.

Kundi lisilo chini ya kanisa au shule huweza kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Huhitaji katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuanzishwa na orodha ya wanachama wasiopungua kumi. Cheti hicho ndicho benki hukitaka kabla ya kufungua akaunti kwa jina la kundi, na bila akaunti fedha hukaa katika simu ya mtu binafsi.

Fedha

Makundi ya taarabu ya Mombasa, kama yale yaliyoongozwa na Juma Bhalo na Zein l'Abdin, yaliitwa harusini na kutunzwa na wasikilizaji papo hapo. Kwaya haina soko la namna hiyo. Hutegemea ada, michango na kiingilio cha tamasha.

Chukua mfano wa kwaya ya watu 40 wanaotoa shilingi 200 kwa mwezi. Kwa mwaka ingekusanya shilingi 96,000. Nusu yao wasipolipa, zinabaki 48,000, na sare mpya pekee huweza kuzimaliza. Kwa hiyo bajeti hupangwa kwa kile kinachokusanywa kwa kweli, si kwa kile kilichoahidiwa. Hesabu husomwa mbele ya wanachama kila mwezi, na hati za malipo huwekwa na mtu asiyeshika fedha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.

Ada isiwe pia kizingiti. Mwanafunzi au asiye na kazi anaweza kulipa kwa huduma: kunakili nyimbo, kutunza sare au kupanga viti. Kwaya inayomwondoa besi wake bora kwa deni la shilingi mia nne imejipunja yenyewe.

Mazoezi

Tamasha la kiasi huchukua dakika 75 hadi 90 na huwa na nyimbo 12 hadi 14. Kwaya inayokutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, hupata saa 48 katika wiki 12. Zikigawanywa kwa nyimbo 14, kila wimbo unapata zaidi kidogo ya saa tatu. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwa nini kuchelewa kwa nusu saa kila siku ni hasara kubwa: robo ya muda wote hupotea.

Wiki nne za kwanza hutumiwa kufunza kila sauti peke yake. Nne zinazofuata ni za kuunganisha sauti, kurekebisha matamshi na kupanga mahali pa kuvuta pumzi. Wiki ya tisa na ya kumi nyimbo huimbwa bila karatasi. Wiki ya 11 mazoezi huhamia katika ukumbi wenyewe, na ya 12 huwa ya kupitia ratiba nzima bila kusimama, wanakwaya wakiwa katika sare zao. Wimbo ambao haujakaa sawa kufikia wiki ya kumi huondolewa.

Jiografia ya kisiwa huamua saa. Wanachama wa Likoni huvuka kwa feri, wa Kisauni na Nyali hupitia daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa. Feri ikichelewa, tenori wote wawili huweza kuwa ng'ambo. Kuanza kwa mazoezi ya pumzi na sauti kwa dakika 15 humpa nafasi anayechelewa kwa sababu ya haki bila ya wenzake kukaa bure.

Joto na unyevunyevu wa Mombasa navyo huchosha upesi, hasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Maji ya kunywa, madirisha wazi na mapumziko mafupi ni sehemu ya mazoezi, si anasa.

Ratiba na majirani

Mji wa Kale una misikiti mingi iliyo karibu na nyumba, ukiwemo Mandhry, mmojawapo wa misikiti mikongwe zaidi mjini. Kwaya inayofanya mazoezi au tamasha karibu nayo hupanga ratiba kwa kuzingatia sala ya Ijumaa adhuhuri na adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, usiku ni wa tarawehe, tamasha husogezwa.

Jambo hili si adabu tu. Mnamo Agosti 2012, baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo, ghasia zilizuka mjini na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Katika mji uliopitia hayo, kwaya inayowajulisha majirani mapema na kuwaalika wazee wa mtaa hujenga amani isiyoweza kununuliwa. Isitoshe, tamasha lisilo la ibada linaweza kushirikisha kasida, taarabu na nyimbo za Kimijikenda pamoja na kwaya, na hadhira ikaongezeka.

Sheria nayo ina la kusema. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na nje ya makazi ya watu kiwango hushuka kutoka desibeli 50 mchana hadi 35 usiku. Kwaya isiyotumia vipaza sauti huwa na usumbufu mdogo, lakini anayepanga onyesho la wazi hutafuta kibali kabla ya kuchapisha tiketi. Aidha, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, wimbo hulindwa hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, hivyo ruhusa au malipo ya mirabaha huhitajika kwa nyimbo za watunzi wa sasa.

Ukumbi na siku yenyewe

Kanisa lenye kuta nene na dari ya juu hurudisha mwangwi. Wimbo wa haraka huchanganyika, na mwalimu hulazimika kupunguza mwendo na kusisitiza konsonanti. Katika uwanja wazi kama ua wa Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika urithi wa dunia 2011, sauti huchukuliwa na upepo wa bahari. Hapo huhitajika vipaza sauti, kwaya kusimama karibu karibu na ukuta nyuma yake, pamoja na ruhusa ya Makavazi ya Taifa. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019, ni mahali pengine pa wazi, nayo ina upepo huo huo.

Siku ya tamasha wanakwaya hufika saa mbili kabla. Mitambo hujaribiwa, jenereta huwekwa tayari kwa sababu umeme huweza kukatika, na nakala moja ya nyimbo zote hukaa kwa msaidizi wa mwalimu. Wimbo rahisi unaofahamika vyema hutangulia ili woga utoke. Mgumu huwekwa katikati. Wa mwisho ni ule hadhira inaoweza kuitikia. Hotuba za wageni huwekewa kikomo, kwa kuwa ndizo zinazoharibu ratiba kuliko nyimbo.

Baada ya tamasha kazi haijaisha. Mapato na matumizi husomwa ndani ya wiki moja, waliosaidia hushukuriwa kwa barua, na nyimbo zote, pamoja na nota zake, huhifadhiwa kwa maandishi na kwa rekodi mikononi mwa katibu. Mwalimu akihama au kufariki, kwaya iliyofanya hivyo huanza mazoezi ya tamasha lijalo. Isiyofanya hivyo huanza upya kutoka do.