Kipande, Kadi na Maili: Njia ya Kwenda Katavi

Chala ni mji mdogo ulioko juu ya uwanda wa Ufipa, katika wilaya ya Nkasi, kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Mpanda. Mtu apandaye basi hapo huyaacha mashamba ya mahindi na maharage, akateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Kibaoni, na siku hiyo hiyo huwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwa kuwa barabara kuu inapita katikati ya hifadhi. Watoto wakaao upande wa dirisha huwaona twiga na nyani. Kama basi likipunguza mwendo penye daraja la Sitalike, huwaona viboko wa mto Katuma wamelundikana katika tope kama magunia. Kisha basi huendelea na safari yake. Nauli imekwisha lipwa kwa fedha taslimu au kwa simu, na hapana daftari lolote liandikalo kwamba abiria huyu amekwenda maili kadha wa kadha.

Wako jamaa wengine waendao kuwatazama viboko walewale, lakini wao hutoka mbali zaidi. Na wawe mume, mke na watoto wawili, wenyeji wa Marekani. Wamevuka bahari kwa ndege kubwa, wala hawakutoa nauli, ila kodi na ada za viwanja tu, kwa sababu nauli yenyewe ililipwa kwa "maili". Maili hizi hazipimwi kwa mnyororo wa mpima ardhi. Ni hesabu iwekwayo na benki kwa niaba ya mwenye kadi ya mkopo: kila dola aitumiayo dukani, hotelini au kwa daktari wa meno huandikiwa pointi moja au zaidi, na pointi zikifika makumi ya maelfu hugeuzwa kuwa kiti katika ndege au kitanda katika hoteli. Ajuaye hila za mambo haya, naye akalipa deni lake lote kila mwezi ili asitozwe riba, husema kwamba amewapeleka watoto wake mbugani bure. Neno hilo "bure" ndilo lenye kutaka kuchunguzwa, maana Ufipa imekwisha ziona safari za namna hii tangu zamani, na kila moja ililipiwa na mtu fulani.

Asili ya kadi hizi ni ya juzi. Mwaka 1950 ilianzishwa Diners Club katika New York, ili mtu aweze kula mkahawani leo na kulipa mwisho wa mwezi. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 kwa njia ya posta, bila ya wao kuziomba. Maili zilikuja baadaye. Mei 1981 American Airlines ilianza kuwaandikia abiria wake umbali waliosafiri na kuwatunza kwa safari nyingine, na mashirika mengine yakafuata upesi. Hata hapo maili ilikuwa bado ni maili, yaani masafa ambayo mtu aliyapita kwa mwili wake. Kifungo hicho kilikatika mwaka 1987, pale shirika hilo lilipoungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo iliyozaa maili kwa kila ununuzi. Tangu siku ile mtu aliweza kwenda maili elfu pasipo kuondoka jikoni kwake.

Nani hulipa? Mwenye duka apokeaye kadi hukatwa sehemu ya bei, ambayo katika Marekani huwa yapata dola mbili katika kila mia, na sehemu kubwa ya fedha hizo huiendea benki iliyotoa kadi. Katika fungu hilo benki hutoa pointi za mteja wake. Mwenye duka naye si mjinga: huipandisha bei kidogo, na bei iliyopanda humkuta kila mnunuzi, awe na kadi au awe na noti mkononi. Wachumi wa Benki ya Akiba ya Serikali ya Marekani tawi la Boston walijaribu mwaka 2010 kulipima jambo hili. Walikadiria kwamba kwa wastani nyumba itumiayo fedha taslimu huwapa watumiao kadi dola 149 kwa mwaka, na nyumba itumiayo kadi hupokea dola 1,133 kutoka kwa hao wengine. Na kwa kuwa wenye kipato kikubwa ndio watumiao kadi zaidi, maji hapa hupanda mlima. Umoja wa Ulaya ulipoweka mpaka mwaka 2015, ukaamuru ada hiyo isizidi senti thelathini kwa kila yuro mia za kadi ya mkopo, tunu za kadi katika nchi nyingi za Ulaya zilipungua mara. Chemchemi ilipozibwa, kisima kilikauka.

Sasa msomaji atauliza, mambo ya Boston yana uhusiano gani na Ufipa? Uhusiano upo, tena ni wa zamani kuliko kadi. Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871 hakuikuta fedha aliyoitazamia kutoka kwa gazeti lake la New York. Francis Webb, balozi mdogo wa Marekani, ndiye aliyemdhamini, na kwa jina la Webb wafanyabiashara wa Unguja wakakubali kumkopesha. Mkopo ule ukageuka marobota ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo yenyewe iliitwa merikani, kwa kuwa ilianza kuletwa na meli za Salem, bandari iliyo jirani na Boston. Kwa mali hiyo Stanley alimfikia Livingstone katika Ujiji mwezi wa Novemba, na baada ya kurudi pwani akamtuma watu na vifaa. Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara karibu na Tabora, akauelekea mwambao wa Ziwa Tanganyika, akapita katika nchi ya Ufipa akienda kusini. Hivyo sahihi iliyotiwa katika karatasi ya Unguja ilimfikisha mtu Ufipa. Lakini maili zile zilikwendwa na wapagazi, mizigo ikiwa mabegani mwao, na posho yao ikipimwa kwa mikono ya nguo. Wafipa wenyewe walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo zao. Nguo iliyokuja kwa mkopo ndiyo iliyokuja kuwanyamazisha mafundi wale katika miaka iliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1872, mwezi wa Machi, serikali ya Marekani ilikuwa imeitenga Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza kwa namna yake.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na pointi za leo ni kipande. Chini ya Waingereza nchi ya Ufipa, iliyokuwa mbali na reli na mbali na masoko, ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa watu. Kapepwa Tambila, katika tasnifu yake juu ya historia ya Rukwa aliyoitoa Hamburg mwaka 1981, ameyaeleza mabadiliko ya uchumi na maisha ya watu wa nchi hii mpaka kufika mwaka 1940. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo nyumbani. Basi vijana waliifuata kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliokwenda kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na namba, na namba ilijulikana kuliko jina. Mfanyakazi alipewa kadi yenye miraba 30. Kazi ya siku ikitimizwa, mraba mmoja ulitiwa alama. Isipotimizwa, siku ile ilipotea kana kwamba haikucha. Miraba yote ikijaa, ndipo mshahara ulipotolewa. Mwezi wa kipande, kwa hiyo, haukuwa mwezi wa mbinguni: uliweza kuwa na siku arubaini na zaidi.

Shirika la SILABU, lililoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, liliuendesha mpango huu kwa utaratibu mkubwa. Lilikuwa na kambi za njiani, malori, chakula cha safari na mablanketi, na lilikubali mtu afuatane na mkewe na watoto. Mwenye kumaliza mkataba wake alirudishwa kwao bila nauli. Haya basi: kadi, alama, idadi maalumu, na mwishowe safari ya jamaa nzima isiyolipiwa! Pengine mwandikishaji aliisifu safari hiyo kwa neno lilelile "bure". Nauli lakini ilikuwa imekwisha lipwa katika katani, jani kwa jani, na aliyetoroka kabla ya kipindi kwisha aliipoteza haki ya kurejeshwa, akajirudisha kwa miguu yake. Tofauti kati ya kadi hizi mbili si ndogo. Kipande kilimwandikia mtu alama kwa jasho lake mwenyewe. Kadi ya mkopo humwandikia kwa kununua, na sehemu ya jasho lililomo ndani yake ni la wengine.

Mahali ambako watalii huenda pana historia yake pia. Katavi ni jina la mzimu Katabi, mwindaji wa kale, ambaye wenyeji husema hukaa katika mkwaju karibu na ziwa liitwalo kwa jina lake, na watu humpelekea sadaka hapo wakiomba mvua au mawindo. Wajerumani waliitenga mbuga hiyo mwaka 1911, Waingereza wakaendelea kuitunza, na mwaka 1974, mwaka ambao mkoa wa Rukwa uliundwa, ikawa hifadhi ya taifa. Katika miaka ya 1990 ilipanuliwa hata ikafika kilometa za mraba 4,471. Tangu mwaka 2012 imo katika mkoa uliochukua jina la mzimu yule. Julius Nyerere amenukuliwa akisema wakati wa uhuru kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, bali alijua kwamba wageni wangelipa kwa kufanya hivyo, na nchi ilihitaji fedha hiyo. Lilikuwa neno la mtu mkweli. Liliacha swali moja wazi: je, mtoto wa Mfipa naye hana likizo?

Hapo ndipo hesabu ya maili hukoma kwa wote. Mashirika makubwa huwafikisha wageni Dar es Salaam au Kilimanjaro kwa pointi. Lakini ndege ndogo ishukayo katika kiwanja cha Ikuu, na mahema ya kifahari ya Katavi, hudai fedha zenyewe. Ada za TANAPA nazo hazilipwi kwa pointi. Mgeni hutozwa zaidi, mwananchi hutozwa shilingi chache, na mtoto asiyetimiza miaka mitano hatozwi kitu. Na tofauti hiyo ni ya haki. Si ada ya langoni, basi, imzuiayo mtu wa Chala. Kizuizi ni gari. Mbugani watu hutembezwa kwa gari, na gari la kukodi kwa siku moja laweza kupita bei ya magunia kadhaa ya mahindi, hasa mwezi wa mavuno ambapo bei ya mahindi huanguka. Kwa nyumba yenye watoto watano, viti vya gari hilo ni ghali kuliko hifadhi yote.

Kwa hiyo mwalimu au mkulima wa Chala atakaye watoto wake wawaone wanyama huwapeleka Sitalike kwa basi la kawaida. Huteremka hapo, wakasimama karibu na daraja, ambapo viboko huonekana bila gari. Wakati wa kiangazi, maji ya Katuma yakipungua, huwa wengi mno, mmoja juu ya mgongo wa mwenziwe. Watoto huwahesabu mpaka wakabishana juu ya idadi, baba yao huwanunulia miwa au karanga, na jioni husimama kando ya barabara kulingoja basi la kurudi Ufipa.