Kinanda cha Mdomo Katika Jazi: Maisha na Kazi ya Toots Thielemans

Katika Kiswahili neno kinanda limebeba ala nyingi: ala za nyuzi za zamani, kisha piano na nyingine zilizoletwa kutoka ng'ambo. Kinanda cha mdomo ni kidogo kuliko vyote katika ukoo huo; hutiwa mfukoni, na watu wazima wengi hukihesabu kuwa kitu cha kuchezea watoto. Makala haya yakusudia kueleza jinsi Mbelgiji mmoja, Jean Thielemans, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Toots, alivyokitoa kinanda hicho katika dharau na kukipa cheo katika jazi. Tena yakusudia kupambanua yale aliyoyapokea kwa wengine na yale aliyoyaongeza mwenyewe.

Thielemans alizaliwa tarehe 29 Aprili, 1922, katika mtaa wa Marolles mjini Brussels. Wazazi wake walikuwa na mkahawa, na humo alianza kupiga kodiani angali mtoto wa miaka mitatu. Jambo hili si dogo. Kodiani na kinanda cha mdomo ni ndugu: sauti ya vyote viwili hutoka katika ndimi za madini zinazotikiswa na hewa, ila kodiani hupumua kwa mvukuto na kinanda cha mdomo hupumua kwa kifua cha mpigaji. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, mwanafunzi wa hisabati, aliona katika sinema Mmarekani Larry Adler akikipiga kinanda hicho, akanunua cha kwake. Wenziwe walimcheka, wakamwambia atupe kichezeo hicho atafute ala ya kweli.

Majeshi ya Kijerumani yaliiteka Ubelgiji mwezi wa Mei, 1940, na katika miaka ya kutawaliwa ndipo jazi ilipomwingia Thielemans. Alisikiliza sahani za santuri za Louis Armstrong, na zaidi za Django Reinhardt, mpiga gita wa kabila la Wamanushi aliyezaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka 1910. Kwa ajili ya Django alijifunza gita. Jina la Toots nalo ni la kuazima, kwani alilitwaa kwa wanamuziki wawili wa Kimarekani, Toots Mondello na Toots Camarata.

Mwanafunzi wa lugha hatashangaa kwa hayo. Neno la mkopo halikai katika lugha mpya kama lilivyotoka. Hulazimishwa kufuata silabi na lafudhi ya wenyeji. Ndivyo ilivyokuwa kwa mafungu ya muziki aliyoyaazima. Kinanda cha mdomo cha kromatiki huwa na matundu 12, na kila tundu hutoa sauti nne: mbili za kupuliza na kuvuta, na nyingine mbili kama hizo zilizopandishwa nusu sauti kwa kubonyeza kitufe cha ubavuni. Mpiga gita huteremka nyuzi apendavyo. Mpiga kinanda hiki hulazimika kugeuza pumzi katikati ya fungu, wakati mwingine mahali asipopataka. Mtindo wa bibopu, uliositawi Marekani katika miaka ya 1940, una mafungu marefu, ya haraka, yenye kupinda ghafula. Kuusema mtindo huo kwa pumzi inayokwenda na kurudi ni kazi ngumu mno. Thielemans aliiweza, na zile pumzi za kugeuka zikawa ndiyo lafudhi yake.

Mwaka 1950 alizunguka Ulaya pamoja na Benny Goodman. Miaka miwili baadaye alihamia Marekani, na katika mwaka huo wa 1952 alipiga pamoja na Charlie Parker mjini Philadelphia. Tangu 1953 hata 1959 alikuwa katika kundi la watu watano la George Shearing, mpiga piano kipofu mzaliwa wa Uingereza. Yafaa kuangalia kwamba Shearing alimhitaji hasa kwa gita. Kinanda cha mdomo kilipewa nafasi chache. Mwaka 1957 alipata uraia wa Marekani.

Utungo uliomfanya mashuhuri ni Bluesette, uliorekodiwa mwaka 1962. Ni wimbo wa mapigo matatu wenye vipimo 24, na katika kuupiga Thielemans alifuatisha gita kwa mbinja, sauti moja kwa moja. Husimuliwa kwamba aliuvumisha katika chumba cha kujitayarishia, akiwapo mpiga fidla Stéphane Grappelli, aliyemhimiza auandike. Jina lake la kwanza lilikuwa Bluette, yaani ua dogo la buluu. Herufi mbili tu ziliongezwa, na ua la Ulaya likawa na buluzi ya Wamarekani Weusi ndani yake. Sijui muhtasari bora kuliko huo wa kazi yake yote.

Baada ya hapo sauti yake ilienea hata kwa watu wasiojua jina lake, kwa filamu kama Midnight Cowboy ya 1969. Mwaka huohuo alirekodi na mwimbaji wa Brazil Elis Regina, na mwaka 1979 ilitoka sahani yake, Affinity, pamoja na mpiga piano Bill Evans.

Mwaka 1981 alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kushoto haukuliweza tena gita kama zamani. Hapo ndipo ile ala aliyoambiwa aitupe ilipomfaa kuliko zote. Aliendelea kuipiga zaidi ya miaka thelathini, akaacha mwaka 2014, akafariki tarehe 22 Agosti, 2016, mwenye umri wa miaka 94.

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Thielemans alitunzwa kwao mwaka 2001, Mfalme Albert II alipompa cheo cha Baroni. Lakini alikuwa amekwisha kucheza ugenini nusu karne, kwa lugha ya watu wengine. Nadhani methali haikuvunjwa. Katika ugeni wote huo hakuacha pumzi aliyoijua tangu kodiani ya mkahawa wa Marolles, na mwenye kuisikia humtambua kabla hajatajiwa jina.