Habari ya Njaa ya Mipichi

Ndugu wasomaji, nanyi walimu wa shule, sisi tuliokulia penye mashamba tumefundishwa na wazee kwamba samadi ni chakula cha mti. Neno hilo ni kweli, walakini si kweli yote. Na habari ya mipichi ya California, katika nchi ya Marekani, yatuonyesha mpaka wake.

Mpichi, ambao wengine huuita mfyulisi, asili yake ni Uchina. Warumi waliupata kwa njia ya Uajemi, wakadhani ndiko kwao, wakaliita tunda lake kwa jina la nchi ile. Baadaye Wahispania wakauvusha bahari mpaka Amerika, na huko California ukastawi sana.

Lakini ukatokea ugonjwa ulioitwa wa majani madogo. Miti ilipochipua, majani ya nchani yalitoka membamba, yenye mabaka ya manjano, yamesongamana kama ua. Matunda yakapungua, matawi yakakauka, na miti mingine ikafa. Ajabu yake ni hii: mara nyingi ugonjwa ulizidi mahali palipokuwa zamani mazizi ya ng'ombe, penye samadi tele. Mti ulisimama katikati ya shibe, nao una njaa.

Ndipo W. H. Chandler, D. R. Hoagland na P. L. Hibbard, wa Chuo Kikuu cha California, wakachunguza jambo hilo. Walitia udongoni chumvi ya chuma kwa wingi, na baadhi ya miti ikapona. Ingekuwa rahisi kusema, "Chuma ndiyo dawa." Wao hawakuridhika, wakapima tena, wakaona kwamba iliyoponya ni zinki kidogo iliyochanganyika na chumvi ile. Hapo nyuma, mwaka 1926, Anna Sommer na Charles Lipman walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mimea haiwezi kukua pasipo zinki. Basi katika miaka ya 1930 wakulima wakaanza kuwapa miti zinki: wengine kwa kunyunyiza matawi, wengine kwa kupigilia shinani misumari iliyopakwa zinki, kwa maana udongo mwingi huishika zinki, mizizi isiipate.

Tangu hapo watu wamejifunza kuyasoma majani. Jani la zamani likigeuka manjano lote kwanza, yamkini mti wakosa naitrojeni. Jani changa likiwa manjano, na mishipa yake ingali kijani, yamkini wakosa chuma, hasa penye udongo wa chokaa. Jani likiwa dogo na jembamba nchani, ni zinki. Siku hizi majani hupelekwa maabara yakapimwe, ili mashaka yaondoke.

Kwa hiyo, walimu, wapelekeni watoto bustanini, wayatazame majani kabla ya kubeba samadi. Samadi tusiiache, maana hulainisha udongo na kuushikisha maji. Lakini tusimshibishe mwenye kiu kwa mkate.