Nilikuwa Upande wa Nyambizi



Leo naweka kando mambo ya seva na programu ili nikiri kosa la zamani.

Julai 2018 nilikuwa bado mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, nikikaa chumba kimoja cha hosteli na jamaa aliyekuwa akisomea uhandisi wa mitambo. Siku hizo vitabu tulivifunga. Asubuhi hadi usiku tulikuwa tukifuatilia habari za vijana 12 wa timu ya kandanda, wa umri wa miaka 11 hadi 16, pamoja na kocha wao msaidizi wa miaka 25, waliokwama ndani ya pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand. Mwenzangu alitaka mlima utobolewe. Mimi nilikuwa upande wa nyambizi, tena nilichora michoro yake nyuma ya daftari, na vipimo nikaweka. Tulibishana mpaka majirani wakagonga ukuta.

Sote wawili tulikosea. Miaka imepita, nimesoma mengi kuhusu uokoaji ule na mingine iliyoutangulia, na naona kosa letu lina faida kwa yeyote anayejiita fundi. Kwa hivyo nivumilieni kidogo.

Kwa asiyekumbuka: tarehe 23 Juni 2018 vijana hao walimaliza mazoezi, wakapanda baiskeli hadi pangoni na kuingia kutembea tu. Mvua ikanyesha nje, maji yakajaa nyuma yao, wakazidi kusukumwa ndani. Kwa siku tisa hakuna aliyejua kama wako hai. Tarehe 2 Julai wazamiaji wawili wa mapango kutoka Uingereza, Richard Stanton na John Volanthen, waliibuka kutoka katika maji ya tope, wakawanusa kabla ya kuwaona, kisha wakawamulika kwa tochi. Wote 13 walikuwa hai, wameketi juu ya mwinuko, yapata kilomita 4 kutoka mlango wa pango.

Dunia ilishangilia. Lakini kuwapata ni jambo moja, kuwatoa ni jingine. Mawazo yakaanza kumiminika kutoka kila pembe, na karibu kila wazo lilikuwa na historia yake.

Wazo la kwanza: kusubiri. Hili lilikuwa rahisi kulisema. Wapelekewe chakula, dawa na blanketi, wakae miezi kadhaa mpaka msimu wa mvua uishe na maji yapungue, kisha watoke kwa miguu. Hesabu ikakataa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mle ndani ilishuka hadi asilimia 15, na watu walikuwa wakiendelea kupumua. Tena mvua kubwa zaidi ilikuwa njiani, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba ule mwinuko haungefunikwa.

Wazo la pili: kutoa maji. Pampu zilifungwa, zikatoa zaidi ya lita bilioni 1. Maji hayo yalimwagwa kwenye mashamba ya mpunga ya wakulima wa jirani, mimea ikaharibika, na wakulima wengi wakasema mpunga utapandwa tena, watoto hawapandwi. Huko juu mlimani watu waliziba vijito ili maji yasiingie pangoni. Kazi hii ilisaidia sana. Ilishusha maji katika sehemu ya mbele, ile kilomita moja na nusu ya kwanza, hata wakaweza kuweka kambi katika chumba cha tatu cha pango. Lakini mawe ya chokaa yana matundu kama sifongo. Ukitoa huku, yanaingia kule. Njia ya kutoka chumba cha tatu hadi kwa watoto ilibaki na sehemu nyingi zilizojaa maji hadi darini.

Wazo la tatu lilikuwa la mwenzangu: kutoboa kutoka juu. Hakulitoa hewani. Mwaka 1963, huko Lengede, Ujerumani, bwawa la tope lilipasuka na kufurika ndani ya mgodi wa chuma. Watu 29 walikufa. Lakini majuma mawili baadaye, tarehe 7 Novemba, wachimbaji 11 walivutwa juu mmoja mmoja kupitia shimo jembamba, wakiwa ndani ya chombo chembamba kama kombora, upana wake sentimita 38.5 tu. Chombo hicho kilibuniwa mwaka 1955 katika mgodi wa Dahlbusch, mjini Gelsenkirchen.

Tena kuna Quecreek, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Julai 2002 wachimbaji wa makaa ya mawe walitoboa kwa bahati mbaya ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji, kwa sababu ramani walizokuwa nazo zilikuwa na kasoro. Watu tisa walinaswa mita 73 hivi chini ya ardhi. Waokoaji walichimba kwanza shimo dogo, mfano wa kisima, na wakapitisha humo hewa ya kushindiliwa. Hewa hiyo iliwapa pumzi na pia ikayazuia maji yasiwafikie. Kisha wakachimba shimo kubwa, keekee ikavunjika katikati ya kazi, wakaitoa, wakaendelea. Tarehe 28 Julai wote tisa walitoka.

Kwa nini basi haikuwezekana Thailand? Kwa sababu mgodi umetengenezwa na watu. Una ramani, hata kama ina makosa, na juu yake kuna barabara ya kupitisha mtambo. Pango limechongwa na maji. Juu ya Tham Luang kuna mlima wenye msitu na mamia ya mita za mwamba. Wakuu wa mkoa walisema matundu zaidi ya 100 yalichunguzwa mlimani, moja likashuka mita 400, na hakuna hata moja lililowafikia watoto. Na ukikosea mita chache tu kwa shimo la namna hiyo, umetoboa jiwe tupu, au umewaangushia watoto dari.

Wazo la nne lilikuwa langu: chombo. Si langu peke yangu, maana Elon Musk na wahandisi wake walitengeneza nyambizi ndogo ya kumtosha mtoto, kwa kutumia bomba la oksijeni ya maji la roketi ya Falcon 9, wakaifikisha Thailand kabla uokoaji haujaisha. Nilipoona picha zake nilimwambia mwenzangu, "Umeona sasa?" Narongsak Osatanakorn, aliyekuwa akiongoza uokoaji, alishukuru, akasema teknolojia ni nzuri ila haifai kwa kazi ile.

Nilikasirika. Niliona kama ni ukaidi wa wazee. Leo namwelewa. Pango si mfereji ulionyooka. Lina kona, lina mawe yanayoning'inia, lina mahali ambapo mzamiaji hujibana na kupita kwa shida. Bomba gumu halipindi.

Tukaja wazo la tano: kupiga mbizi. Hili nalo lilikuwa limewahi kufanyika. Machi 2004 Waingereza sita walikwama kwa mafuriko siku nane katika pango la Alpazat, Mexico. Waliowatoa kwa kuwapitisha chini ya maji ni Richard Stanton yule yule na Jason Mallinson. Lakini wale walikuwa watu wazima waliozoea mapango. Hawa wa Thailand walikuwa watoto, hakuna aliyewahi kuvaa mtungi wa hewa, wamedhoofika kwa njaa, na safari yenyewe ni ya saa kadhaa katika maji ya tope ambamo huoni hata mkono wako. Tarehe 6 Julai Saman Gunan, mwanajeshi mstaafu wa majini wa Thailand aliyejitolea, alikufa akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Kama mtu aliyefunzwa namna ile amekufa, mtoto atafanyaje?

Jibu lilitokana na tukio ambalo halikusemwa sana wakati ule. Siku chache kabla ya kuwapata watoto, Stanton na Volanthen waliwakuta mafundi wanne wa pampu wamenaswa mle mle pangoni. Wakawatoa kwa kuwapitisha kipande kifupi tu cha maji. Ni watu wazima, safari fupi, lakini walipagawa chini ya maji, wakahangaika na kupambana na waokoaji wao. Sisi tunaotengeneza programu tunajua thamani ya jaribio dogo linalofeli mapema. Lile lilikuwa jaribio lenyewe. Wazamiaji wakaelewa kwamba mtoto aliye macho, katika giza lile, atang'oa barakoa usoni na kufa, na huenda akamuua na anayembeba.

Basi watoto wasiwe macho.

Stanton alimwita Richard Harris, daktari wa nusukaputi kutoka Australia ambaye pia ni mzamiaji wa mapango. Mwanzoni Harris alikataa. Hakuna daktari duniani aliyewahi kumlaza mtu usingizi wa dawa kisha akampitisha chini ya maji kilomita mbili na zaidi. Yeye mwenyewe alitarajia watoto wafe. Serikali ya Australia ililazimika kutafuta kinga ya kisheria kwa ajili yake na mwenzake Craig Challen, daktari wa mifugo, endapo mambo yangeharibika. Alikubali kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa, na mvua ilikuwa inakuja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto anapewa kidonge cha kutuliza hofu. Kisha anadungwa ketamini ya kumlaza na atropini ya kukausha mate yasimpalie. Anavalishwa barakoa ya uso mzima, ambayo hewa yake ndani inasukuma kwa nguvu kuliko maji ya nje, ili ikivuja, hewa itoke badala ya maji kuingia. Mtungi wake una oksijeni asilimia 80. Mikono inafungwa nyuma ili akizinduka asijing'oe barakoa. Kisha mzamiaji mmoja anambeba kama mzigo, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine kwenye kamba ya kuongozea njia. Dawa ikianza kwisha nguvu, mzamiaji, ambaye si daktari, anasimama mahali penye hewa na kumdunga tena.

Walifanya mazoezi gani? Waliwavalisha barakoa watoto wa mtaa wa karibu ndani ya bwawa la kuogelea la shule, na wakapanga viti kwenye uwanja kuigiza vyumba vya pango. Hicho cha usingizi hakikuwa na mahali pa kujaribiwa. Mara ya kwanza ilikuwa yenyewe, kwa mtoto halisi.

Tarehe 8 Julai walitoka wanne, tarehe 9 wanne, tarehe 10 watano pamoja na kocha. Siku ya mwisho mzamiaji Chris Jewell aliipoteza kamba gizani akiwa na kijana mkononi, akapapasa hadi akagusa waya wa umeme, akaufuata, ukamrudisha katika chumba alichokuwa amekwisha pita. Wenzake wakamsaidia kumaliza. Saa chache baada ya mtoto wa mwisho kutoka, pampu kubwa ikaharibika na maji yakaanza kupanda, waokoaji wa mwisho wakatoka mbio.

Wote 13 waliishi. Saman Gunan hakurudi, na mwanajeshi mwingine wa majini alikufa Desemba 2019 kwa ugonjwa wa damu alioupata katika kazi ile. Tunaposema uokoaji ulifaulu, tuwataje na hao.

Sasa kuhusu kosa langu. Nyambizi na sindano ya Harris vilikuwa vikijibu swali moja: utamfanyaje mtoto aliyeshikwa na hofu awe mzigo uliotulia? Nyambizi ilimfungia ndani ya bomba. Sindano ilimwacha alivyo. Mwili wa mtoto unapinda kwenye kona, unapita palipobana, na tayari uko mle ndani. Hauhitaji kusafirishwa kutoka California. Mimi nilikuwa nimelipenda bomba kabla ya kulielewa pango. Na katika michoro yangu yote, na vipimo vyake vyote, hakukuwa na mahali nilipoandika neno hofu. Nilidhani adui ni maji peke yake.

Nalikumbuka jambo hili kila mteja anapoleta shida nami mkono umeshaanza kuandika programu. Siku hizi nauliza kwanza: mtu atakayekitumia kitu hiki atakuwa katika hali gani? Amechoka? Anaogopa? Ana giza mbele yake? Sikufundishwa swali hilo darasani, na sijui kwa nini.

Mwenzangu wa hosteli sasa anachimba visima, kazi halisi ya kutoboa ardhi. Tukikutana bado hunitania, "Nyambizi yako imefika wapi?" Namjibu kwamba bado inatafuta kona ya kupindia.

Nawe msomaji, ulikuwa upande gani mwaka ule? Niandikie. Hadi wakati mwingine, kwaheri.