Historia ya Karakana Iliyomchora Dan Dare

Dan Dare, rubani wa anga za juu aliyekuwa kipenzi cha watoto wa Uingereza katika miaka ya 1950, alibuniwa na mchoraji Frank Hampson katika mji wa Southport, pwani ya kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Hampson alizaliwa mwaka 1918 karibu na Manchester, akakulia Southport, ambako baba yake alikuwa polisi. Alianza kazi angali kijana kama tarishi wa simu za maandishi, akaenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha akajiunga na chuo cha sanaa mjini kwao. Wakati huo Marcus Morris, kasisi wa Kianglikana wa Birkdale, alikuwa akitafuta mchoraji wa jarida lake la kanisa, The Anvil, na Hampson akaichukua kazi hiyo.

Mwaka 1949 Morris aliandika gazetini kulalamikia vitabu vya katuni za kutisha vilivyokuwa vikiingia kutoka Marekani. Kupiga marufuku peke yake hakukumtosha. Alitaka watoto wapewe kitu bora cha kusoma. Shujaa wa kwanza waliyemfikiria na Hampson alikuwa Lex Christian, kasisi wa mitaa ya maskini ya London. Kisha akageuzwa kuwa kasisi wa kikosi cha anga, na mwishowe ukasisi ukaachwa, akabaki Kanali Dan Dare. Kampuni ya Hulton Press ilikubali kuchapa, na toleo la kwanza la jarida la Eagle likatoka tarehe 14 Aprili 1950, kurasa 20 kwa bei ya peni 3. Nakala karibu 900,000 zilinunuliwa. Dan Dare alipewa kurasa mbili za mwanzo, zote za rangi.

Hadithi ya kwanza iliwekwa mwaka 1996. Dunia imepungukiwa na chakula, na tumaini lililobaki ni sayari ya Zuhura. Lakini vyombo vinavyotumwa huko vinateketea kabla ya kutua. Wasomaji wa 1950 hawakuhitaji kuelezwa njaa hiyo ni nini, maana mgao wa chakula ulikuwa ungali ukiendelea Uingereza, nao haukuondolewa mpaka 1954. Huko Zuhura Dan Dare anakutana na Watreen, watu wa rangi ya kijani, na mtawala wao Mekon, mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, anayekwenda huku na huku juu ya kiti kinachoelea.

Karakana ya kumchora Dan Dare ilifunguliwa Churchtown, Southport, katika jengo kuukuu lililokuwa la kuoka mikate. Hapo Hampson aliweka kanuni iliyoitawala kazi nzima: kisichoonekana kwa macho hakichorwi. Vyombo vya anga vilitengenezwa kwanza kwa mifano midogo, ili mchoraji avigeuze na kuona mwanga unavyoangukia kila upande. Sare za marubani zilishonwa, zikavaliwa. Hampson alichora rasimu ya kila ukurasa kwa rangi, ikiwa karibu kamili. Kisha wasaidizi wakakaa au kusimama kama rasimu ilivyoonyesha, wakapigwa picha, na picha hizo zikawekwa mezani wakati wa kuchora ukurasa wa mwisho. Baba yake Hampson ndiye sura ya Sir Hubert Guest, mkuu wa kikosi cha anga katika hadithi. Greta Tomlinson, mmoja wa wachoraji, ndiye sura ya mhusika mwingine, Profesa Peabody. Mwandishi Arthur C. Clarke naye alikuwa mshauri wa sayansi kwa muda mfupi mwanzoni.

Utaratibu huo uliwafanya wasomaji waziamini mashine na mandhari za sayari ngeni, lakini ulikula muda na fedha nyingi. Kurasa mbili za wiki moja zilihitaji kikosi kizima cha wachoraji. Hampson mwenyewe aliugua kwa kazi, na mwaka 1952 Harold Johns na Tomlinson walilazimika kuichora hadithi ya Utaridi bila yeye. Kufikia wakati huo karakana ilikuwa imehamia Epsom, kusini mwa London, na Don Harley, aliyejiunga mwaka 1951, akawa msaidizi mkuu.

Mwaka 1959 Hulton Press ilinunuliwa na Odhams, na wamiliki wapya hawakuona sababu ya kugharimia kikosi hicho. Hampson aliacha kumchora Dan Dare mwaka huohuo. Frank Bellamy alishika nafasi yake kwa mwaka mmoja, akabadili vyombo na sare. Mwaka 1962 Dan Dare aliondolewa ukurasa wa mbele, akachapwa ndani kwa rangi nyeusi na nyeupe, mchoraji wake akiwa Keith Watson. Hadithi mpya zilikoma Januari 1967, na Eagle lenyewe likafungwa Aprili 1969.

Hampson hakuwa na haki miliki ya shujaa aliyembuni. Baadaye aliajiriwa katika chuo kimoja karibu na Epsom. Heshima ilimjia kutoka ugenini: mwaka 1975 tamasha la katuni la Lucca, Italia, lilimtunuku kama bingwa wa sanaa hiyo. Alifariki mwaka 1985.

Dan Dare alirudi mwaka 1977 katika jarida la 2000 AD, lakini kwa sura ambayo mashabiki wengi wa zamani hawakuikubali. Rod Barzilay, aliyekuwa mmoja wao, aliandika hadithi mpya ya kuendeleza zile za miaka ya 1950, akampa Watson aichore kwa mtindo wa Hampson. Watson alifariki mwaka 1994 kabla ya kumaliza, na Harley akaipokea kazi. Hadithi hiyo ilianza kuchapwa mwaka 2003 katika Spaceship Away, jarida alilolianzisha Barzilay mwenyewe.