Askofu Mkuu John Hughes (1797–1864)
John Hughes alizaliwa katika familia ya wakulima huko County Tyrone, Ireland. Dada yake mdogo alipofariki, sheria ilimkataza padri Mkatoliki kuingia makaburini. Padri alichota udongo, akaubariki, akamkabidhi Hughes aunyunyizie kaburini. Uchungu huo hakuusahau.

Mwaka 1817 alihamia Marekani, akawa mtunza bustani wa seminari ya Emmitsburg, Maryland, kabla ya kukubaliwa kusoma humo. Alipewa upadri mwaka 1826, uaskofu mwaka 1838, na mwaka 1850 akawa askofu mkuu wa kwanza wa New York. Makanisa ya Kikatoliki yalipochomwa moto Philadelphia mwaka 1844, ya New York aliyawekea walinzi wenye silaha. Mwaka 1858 aliweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, lililofunguliwa mwaka 1879.