Mgeni na Jembe

Methali yetu yasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wengi huifasiri kuwa ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. La hasha! Apewaye jembe haambiwi aondoke. Aambiwa kwamba tangu siku hiyo ana sehemu yake katika kazi, katika chakula na katika mashauri ya nyumba. Jembe ndilo limgeuzalo mpita njia kuwa mwenzetu.

Historia yatupa mifano miwili. Kuanzia mwaka 1942, Wapolandi waliong'olewa makwao na vita walifika Tanganyika kwa njia ya Uajemi. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyingine zilikuwa Kidugala, katika nchi ya Wabena, na Ifunda, kando ya barabara ya Iringa. Walikaa miaka kadhaa, lakini mwenyeji wao alikuwa serikali ya kikoloni. Mwananchi, mwenye ardhi, hakuulizwa kama yu radhi kuwapokea.

Mwaka 1977 mambo yalikuwa mengine. Tanzania huru iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, ardhi ya Mazimbu, Morogoro. Wageni hao walijenga shule, wakalima na kufuga. Mwaka 1992 waliukabidhi mji huo kwa taifa lililowapokea, na leo wanafunzi wetu wa chuo kikuu husoma humo. Huyo ndiye mgeni aliyepewa jembe akalitumia.

Sasa tutazame Nyololo, wilayani Mufindi, mahali ambapo njia ya kwenda Igowole na mashamba ya chai huiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Mwalimu aliyehamishwa au fundi wa ujenzi akifika mahali kama hapo kukaa miezi mingi, hupanga chumba chenye kitanda, meza na kiti. Kodi ni haki ya mwenye nyumba, wala hatuilaumu. Lakini fedha ikilipwa na ufunguo ukatolewa, mara nyingi wenyeji hudhani wajibu wao umekwisha, na mgeni huishi mwaka mzima bila jirani kulijua jina lake.

Basi twawausia wenye nyumba: pamoja na ufunguo, mpeni mpangaji tuta la mboga, mjulisheni kwa majirani, mwiteni msibani na harusini. Kitanda humlaza mgeni. Jembe humfanya ndugu.